Mapigo ya moyo yakitulia, tiba haijaisha

KUNA watu huamka usiku wakihisi moyo unapapatika kifuani kama kuku aliyefungwa miguu. Wengine hawahisi chochote zaidi ya kuchoka: ndoo ya maji waliyokuwa wakiibeba bila shida sasa inawalazimu kupumzika njiani mara mbili. Wengine hugundulika wamekwenda hospitali kwa jambo jingine kabisa, daktari akawashika mkono na kukuta mapigo yanakwenda ovyo.

Tatizo hilo wataalamu huliita fibrilesheni ya atiria. Kwa lugha ya nyumbani ni moyo unaodunda bila mpangilio, na mara nyingi kwa kasi.

Wengi huuona kuwa ugonjwa wa wazee, na ni kweli huongezeka kadiri umri unavyosogea, hasa kwa wenye shinikizo la juu la damu. Lakini huku kwetu Afrika Mashariki huwapata pia akina mama wa miaka 30 na 40, wenye watoto wanaosoma shule ya msingi. Wengi wao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya rumatiki walipokuwa watoto.

Mgonjwa akishaanza dawa, swali linaloulizwa kila siku nyumbani ni moja: mapigo yameshuka? Ni swali zuri. Tatizo ni pale linapobaki hilo peke yake. Mgonjwa anaweza kupata kiharusi mapigo yake yakiwa yametulia kabisa, na familia inayojua kwa nini inaweza kumwepusha.

Moyo unavyopoteza mpangilio

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kila pigo huanza na cheche ndogo ya umeme katika chumba cha juu cha kulia. Cheche hiyo husambaa, vyumba vya juu vinajikunja na kusukuma damu chini, kisha vyumba vya chini vinaisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Kwa mtu mzima aliyepumzika, hayo hutokea kati ya mara 60 na 100 kwa dakika.

Katika fibrilesheni ya atiria, vyumba vya juu hupokea cheche kutoka kila upande, kati ya 350 na 600 kwa dakika. Haviwezi tena kujikunja. Vinabaki vinatetemeka tu.

Bahati nzuri, katikati ya vyumba vya juu na vya chini kuna kituo kidogo cha umeme kinachofanya kazi kama mlinzi wa geti. Huzuia cheche nyingi zisipite. Hata hivyo, zinazopita huwa bado ni nyingi, tena bila utaratibu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na mapigo 120, 140 au hata 160 akiwa amekaa tu kwenye kiti.

Moyo ukienda mbio hivyo, haupati muda wa kujaa damu kabla ya pigo linalofuata. Unafanya kazi kubwa lakini unatoa damu kidogo. Hapo ndipo huja uchovu, kuishiwa pumzi, kizunguzungu na miguu kuvimba. Hali hiyo ikiachwa kwa wiki au miezi, msuli wa moyo wenyewe huchoka na kudhoofika. Habari njema ni kwamba mara nyingi mapigo yakidhibitiwa, msuli huo hupata nafuu.

Namba anayoitafuta daktari

Zamani madaktari wengi walilenga mapigo yashuke hadi chini ya 80 kwa mgonjwa aliyepumzika. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uholanzi kwa wagonjwa 614. Kundi moja lilitibiwa hadi mapigo yakawa chini ya 80, jingine likaachwa mradi yawe chini ya 110. Waliolegezewa hawakupata madhara zaidi ya wenzao, na walifikia lengo kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo leo wagonjwa wengi huanza na lengo la chini ya 110 wakiwa wamepumzika. Mgonjwa akiendelea kuchoka au moyo wake ukidhoofika, daktari hushusha lengo hilo.

Mwenye valvu iliyobana ana hesabu yake. Damu yake inapita kwenye mlango mwembamba na inahitaji muda mrefu zaidi, hivyo daktari hupenda mapigo yaende taratibu zaidi. Kwa sababu hiyo, namba ya jirani haifai kuwa namba ya mama yako. Siku ya kliniki, ulizeni na muandike: lengo letu ni mapigo mangapi, na yakifika mangapi tuje?

Kuhesabu mapigo nyumbani

Kazi hii haihitaji mashine. Hata mtoto wa darasa la sita anaweza kumsaidia bibi yake kwa simu yenye saa.

Mgonjwa akae kwanza dakika tano bila kuongea, asiwe ametoka kupanda ngazi, kunywa kahawa au kugombana na mtu. Akunjue kiganja kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ubonyeze taratibu. Usitumie kidole gumba chako, maana kina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe.

Hesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne kunafaa kwa moyo unaokwenda sawasawa. Huu unakimbia, unasita, unakimbia tena, na robo dakika inaweza kukudanganya sana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya mapigo huja haraka mno kiasi kwamba moyo unakuwa haujajaa, na msukumo wake haufiki mkononi. Mkono unaweza kuonyesha 90 wakati kifuani moyo umepiga 115. Ndiyo sababu kliniki daktari husikiliza kifua hata kama umemletea namba nzuri, na ndiyo sababu ya kwenda na jinsi mgonjwa anavyojisikia, siyo namba pekee.

Mashine ya kupima shinikizo la damu inayotumia betri nayo huyumba mapigo yasipokuwa na mpangilio. Pima mara tatu, ukiacha dakika moja moja, kisha andika wastani. Saa za kisasa za mkononi zinaweza kutahadharisha kuwa mapigo hayako sawa, lakini anayethibitisha ugonjwa ni kipimo cha ECG kinachosomwa na daktari.

Tafuteni daftari dogo. Kila siku, wakati uleule, andikeni tarehe, mapigo, shinikizo la damu kama mna mashine, na neno moja la hali: "nzuri", "kachoka", "kizunguzungu". Daftari la wiki mbili humsaidia daktari kurekebisha dozi kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka.

Dawa zinazopunguza mwendo

Dawa zinazotumika zaidi humfanya yule mlinzi wa geti awe mkali, apitishe cheche chache. Zipo za kundi la beta bloka kama bisoprolol, metoprolol na carvedilol. Zipo verapamil na diltiazem, ambazo hazifai kwa moyo uliodhoofika. Na ipo digoxin, dawa inayotokana na mmea wa jamii moja na ule ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. Digoxin hutuliza mapigo ya aliyepumzika, ila huzidiwa nguvu mtu anapofanya kazi.

Mambo manne ya kushika nyumbani.

Kwanza, beta bloka haiachwi ghafla. Mwili ulioizoea unaweza kujibu kwa mapigo kupanda kwa nguvu. Angalieni vidonge vimebaki vingapi kabla ya sikukuu na kabla ya safari ya kijijini.

Pili, mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya beta bloka hubana kifua.

Tatu, mapigo yakishuka chini ya 50 na mgonjwa anaona kizunguzungu au giza, hiyo ni dalili kwamba dawa inaweza kuwa imezidi. Mpelekeni akaonwe siku hiyohiyo.

Nne, anayetumia digoxin akipoteza hamu ya kula, akatapika, au akaanza kuona vitu vya njano, asisubiri tarehe ya kliniki. Hatari hiyo huongezeka akiharisha sana au akiwa anameza pia dawa za kukojoza, maana madini ya potasiamu hupungua mwilini.

Vinavyoyapandisha tena

Mara nyingine dawa ni ileile, dozi ni ileile, lakini mapigo yamepanda. Kabla ya kuilaumu dawa, tazameni nyumba.

Homa ya malaria au nimonia hupandisha mapigo. Kuharisha na kukosa maji hupandisha. Upungufu wa damu, ambao akina mama wengi huishi nao kwa sababu ya hedhi nzito au uzazi wa karibu karibu, hupandisha. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi nayo huweza hata kuuanzisha ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anayekonda huku anakula vizuri, anayetetemeka mikono na kutokwa jasho, aulize kuhusu kipimo cha tezi hiyo.

Mirungi huchochea moyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye makopo pia. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinauzwa kama kitu chepesi, lakini kwa mgonjwa huyu si nyepesi. Kahawa kikombe kimoja au viwili wengi huimudu, ila anayeona inamsumbua aiache.

Kuhusu pombe, utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2020 uliwafuata watu 140 wenye ugonjwa huu waliokuwa wanywaji. Walioacha walirudiwa na mapigo ovyo mara chache kuliko walioendelea kunywa.

Anayetaka kufunga Ramadhani aende kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Baadhi ya dawa zinaweza kupangwa kati ya futari na daku, nyingine haziwezi, na wapo wagonjwa ambao daktari atawashauri wasifunge kabisa.

Kutembea kunasaidia. Kipimo rahisi ni mazungumzo: mgonjwa anayetembea akiwa bado anaweza kuongea sentensi nzima yuko sawa, anayekatika katikati ya maneno apunguze mwendo.

Kosa linaloleta kiharusi

Chukua mfano wa mama aliyefika hospitali mapigo yakiwa 148, anahema. Anapewa dawa mbili. Moja ni ya kupunguza mwendo wa moyo, nyingine ni ya kuzuia damu kuganda. Baada ya mwezi, mapigo ni 76. Analala vizuri, amerudi kwenye genge lake la mboga. Pesa ni ya kubana, na ada za shule zinadaiwa. Anaangalia vile vidonge viwili na kujiambia kwamba moyo umepona, basi hiki cha damu kisubiri.

Uamuzi huo una mantiki kwa anayeutazama kwa macho ya mapigo. Ila mapigo yaliyoshuka ni ya vyumba vya chini. Huko juu, vyumba bado vinatetemeka kama siku ya kwanza. Damu bado inatuama kwenye kona zake, na damu inayotuama huganda. Bonge dogo likichomoka hapo, mara nyingi huelekea kwenye ubongo.

Utafiti wa miaka mingi wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 1978 kuwa ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5. Kwa wenye valvu zilizoharibiwa na rumatiki, ilikuwa zaidi ya mara 17.

Ndiyo maana si kila mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini aliyepewa haiachi kwa sababu amejisikia vizuri. Kujisikia vizuri ni kazi ya kidonge kile kingine. Na aspirini ndogo ya duka la dawa si mbadala wake. Kama tatizo ni pesa, lisemwe wazi kliniki. Daktari anayejua anaweza kutafuta dawa ya bei nafuu. Daktari asiyejua ataamini mgonjwa anameza.

Kwa wenye valvu iliyobanwa na rumatiki, dawa inayotegemewa ni warfarin, dawa ya siku nyingi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliilinganisha dawa ya kundi hilo na rivaroxaban ambayo ni mpya. Waliotumia dawa za kundi la warfarin walikufa wachache zaidi. Karibu robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa wanawake, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50 hivi. Kwa wasio na tatizo hilo la valvu, dawa mpya mara nyingi huwa chaguo zuri na hazihitaji kupima damu kila mara.

Warfarin, jiko na duka la dawa

Anayetumia warfarin hupimwa damu kipimo kinachoitwa INR, na wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu sana mgonjwa anaweza kuvuja damu.

Mboga za majani kama mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarin. Wengi wakisikia hivyo huziacha kabisa. Hakuna haja. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Shida ni kukaa wiki mbili bila mboga kisha kula kisamvu siku tano mfululizo.

Duka la dawa linahitaji tahadhari zaidi kuliko jiko. Diclofenac na ibuprofen, ambazo watu humeza kwa maumivu ya mgongo, huongeza hatari ya kuvuja damu. Metronidazole na cotrimoxazole huipa warfarin nguvu kupita kiasi. Dawa za mitishamba zisizojulikana nazo zinaweza kuvuruga. Kila mara, neno la kwanza dirishani liwe: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda."

Mama anayetarajia kushika mimba amwone daktari kabla. Warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na mimba yenyewe huuzidishia moyo kazi. Akigundua tayari ni mjamzito, asiache dawa kimyakimya wala asiendelee kimyakimya. Aende hospitali siku hiyo au kesho yake.

Koo la mtoto

Kwa mzazi, sehemu kubwa ya habari hii inaanzia kooni. Homa ya rumatiki hufuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili ukipigana na bakteria hao, kwa baadhi ya watoto hushambulia pia viungo na valvu za moyo. Mtoto hupona koo, miaka inapita, na mama mtu mzima anaanza kuhema.

Mtoto mwenye homa na koo linalouma hadi kumeza ni shida, hasa bila mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya. Akiandikiwa penisilini, amalize dozi yote hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Mtoto aliyewahi kuugua homa ya rumatiki huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na kila sindano inayorukwa inafungua mlango. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Msisubiri asubuhi mgonjwa akiwa na maumivu ya kifua, akizimia, akihema akiwa amekaa au kushindwa kulala chali, au mapigo yakibaki juu sana kuliko alivyoelekezwa huku anajisikia vibaya.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakianza kuchanganyika, hicho ni kiharusi hadi hospitali iseme vinginevyo. Msimpe aspirini, msimpe chakula wala maji. Angalieni saa ilianza lini, bebeni dawa zake zote na daftari, mwondoke. Vivyo hivyo akianguka na kugonga kichwa, akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami.

Kwa matatizo ya valvu, hospitali ya mkoa inaweza kumpa mgonjwa rufaa kwenda kwa wataalamu wa moyo, kama walioko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, Dar es Salaam. Baadhi ya valvu zilizobana hupanuliwa kwa puto bila kupasua kifua, nyingine huhitaji upasuaji.

Leo jioni, nyumba yenye mgonjwa wa aina hii inaweza kuanza na maswali mawili badala ya moja. Mapigo ni mangapi? Na kidonge cha damu, umemeza?